Kijiji Kisicho na Wenyeji

Kamusi huarifu kwamba kijiji ni makazi ya watu yaliyo madogo kuliko mji. Fasili hiyo hukwama katika kijiji cha Fleury-devant-Douaumont, kilichoko juu ya mgongo wa kilima, kaskazini mashariki mwa mji wa Verdun nchini Ufaransa. Fleury kina jina, mipaka na meya. Wakazi wake ni sifuri.

Haikuwa hivyo daima. Mwaka wa 1913 waliishi humo watu 422, wengi wao wakulima na wakata miti. Tarehe 21 Februari 1916 majeshi ya Ujerumani yaliishambulia Verdun, na wanakijiji wakaamrishwa kuondoka. Waliondoka kwa haraka, bila shaka wakidhani watarejea baada ya siku chache. Vita hivyo vilidumu takribani siku 300 na kuwaua wanajeshi wapatao 300,000 wa pande zote mbili. Kati ya Juni na Agosti, Fleury kilitekwa na kukombolewa mara 16. Kila mara ilibaki nyumba chache zaidi za kugombania, hadi mwishowe majeshi yakawa yanapigania vumbi la matofali. Si vibaya kukumbuka pia kwamba ngome jirani ya Douaumont ilipokombolewa tarehe 24 Oktoba mwaka huo, miongoni mwa waliopigana walikuwamo askari Wasomali waliosajiliwa katika pwani ya Djibouti.

Baada ya vita, ardhi yenyewe ilikataa kurejewa. Mabomu yasiyolipuka, sumu ya makombora na mifupa ya wafu vilikuwa vimechanganyika na udongo. Serikali ikalitenga eneo hilo lisilimwe wala kujengwa, kisha ikapanda misitu. Vijiji tisa vya eneo la Verdun vilitangazwa kuwa vimekufa kwa ajili ya Ufaransa, kauli ambayo kwa kawaida huandikwa kumhusu askari. Vitatu vilijengwa upya, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Sita, Fleury kikiwa kimojawapo, havikuinuka tena.

Hapa ndipo penye ajabu. Kijiji kilichokufa hakikufutwa katika daftari la serikali. Kwa kuwa hakuna mpiga kura, meya wake huteuliwa na mwakilishi wa serikali katika jimbo la Meuse. Meya huyo hana mtoto wa kumwandikisha wala ndoa ya kufungisha. Kazi yake kubwa ni kulinda kumbukumbu. Kuna watakaoona cheo hicho kuwa kichekesho cha urasimu. Lakini mtu aliyefukuzwa kwao na mizinga, kisha akaambiwa hawezi kurudi, alibakiziwa nini kingine zaidi ya jina la kwao? Kulifuta jina hilo kungekuwa kumfukuza mara ya pili.

Leo mgeni hupita kwenye vijia chini ya miti, ardhi ikiwa na mashimo mashimo kila upande, sasa yamefunikwa na nyasi. Kanisa dogo limesimama palipokuwa na kanisa la zamani, na pale kilipokuwa kituo cha garimoshi pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka wa 1967. Kwingineko kuna nguzo fupi tu zenye maandishi: hapa mwokaji mikate, hapa mhunzi, hapa shule, hapa ofisi ya meya. Huona neno, kisha huona shimo. Hakuna ukuta wala mlango wa kulisaidia neno hilo. Limeachiwa peke yake kazi ya kuwa nyumba.

Mwaka wa 2013, karibu miaka mia baada ya vita, mabaki ya wanajeshi 26 wa Ufaransa yalipatikana ardhini papo hapo Fleury. Baadhi yao walitambuliwa kwa vibati vya majina walivyokuwa wamevaa.