Sinia Moja, Watu Wanne

Wadau, kuna mshkaji wangu alikuwa hapokei simu kila tukipanga kutoka. Tukamsema sana, eti anaringa. Kumbe kazi iliisha kitambo, na kule tulikozoea kwenda juisi tu inammaliza. Akaona aibu kusema.

Jumamosi tukamfuata kwao, tukaenda naye kwa mama ntilie Kariakoo. Ugali sinia moja, samaki wa kukaanga wawili, mchicha, kachumbari na pilipili ya kutosha. Tukanawa, tukalizunguka sinia. Pale huwezi kujua nani katoa ngapi. Jamaa alicheka mpaka akapaliwa.

Nilijisikia vibaya kwa yale niliyomsema. Kama una rafiki kapotea, usimseme kwanza. Mwite mle sehemu ambayo hata mfuko wake unafika.