Nguvu za Mikono

Mwaka 2022, katika michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Birmingham, Uingereza, binti wa Kenya, Hellen Wawira Kariuki, alipata medali ya shaba katika kuinua vyuma kwa walemavu. Twapenda kuwaeleza wasomaji mchezo huo, kwa maana wengi hapa Iringa na Mbeya wadhani mlemavu hana mchezo ila kutazama.

Mshindani hulala chali juu ya benchi, miguu imenyooshwa, nayo yaweza kufungwa kwa mikanda. Huupokea mtaimbo wenye vyuma, huushusha hata kifuani, huutuliza hapo, kisha huusukuma juu hata mikono yote miwili inyooke pamoja. Waamuzi watatu humtazama. Mkono mmoja ukitangulia, amekosa. Tena hupangwa kwa uzito wa mwili, mwepesi asishindanishwe na mzito. Siamand Rahman wa Iran aliinua kilo 310 huko Rio mwaka 2016, nayo ni zaidi ya magunia matatu ya mahindi ya kilo 100. Naye amelala!

Nguvu hizo si ajabu. Azungushaye baiskeli ya mikono kutoka Ipogolo bondeni hata Iringa mjini, mikono yake hufanya kutwa kazi ambayo sisi twaiachia miguu.

Katika usharika wetu yuko kijana wa namna hiyo. Alipoomba ruhusa ya kujizoeza, mama yake alikataa kwa machozi, akisema mwanawe ameumia vya kutosha. Hatumlaumu, aliyembeba mtoto mgongoni hata shuleni miaka mingi ana haki ya kuogopa. Walakini Mefiboshethi alikuwa kiwete miguu yote miwili, naye Daudi hakumpelekea makombo mlangoni, bali alimketisha mezani pake. Nayo Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilipoanzisha karakana ya Neema Crafts hapa Iringa mwaka 2003, ilianza na vijana viziwi watatu, wakatengeneza karatasi kwa mikono yao. Haya tulimweleza mama, naye alinyamaza muda mrefu.

Walimu watakaoandaa mchezo huu, angalieni: mtu asiinue peke yake kamwe, kwa kuwa mtaimbo ukimwangukia shingoni waweza kumwua. Benchi liwe la mbao ngumu, lisiyumbe. Aanze na mtaimbo mtupu, na watu wawili wenye nguvu wasimame, mmoja kila upande.

Mama ameomba upande mmoja awe yeye. Tumemkubalia, mzee wa kanisa atasimama nyuma yake.