Paswedi Iko Njombe

Makambako, Jumatatu 8 Julai 2024

Wakulima wa viazi wa huko juu, upande wa Matamba, wanataka vipima baridi. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, na mwezi huu usiku ukiwa hauna wingu, asubuhi sakitu imeshaunguza majani. Ndani ya kila kipima nimeweka Raspberry Pi Zero W. Imeji ya kubuti naiunda kwa Buildroot.

Kompyuta ya dukani ni Windows, na mimi humo ni mtumiaji wa kawaida. Nikifungua programu ya kuandika imeji hiyo kwenye kadi ya SD, skrini inafifia na kudai paswedi ya admini. Paswedi anayo bosi, na bosi yuko Njombe, kilomita kama 60 kutoka hapa. Inakera, ila Windows ina haki. Programu ile haihifadhi faili kwenye folda. Inaandika diski yenyewe, sekta kwa sekta, chini ya mfumo wa mafaili. Anayeruhusiwa hivyo anasoma nyaraka za kila mtu bila kuuliza nani mwenyewe. Tangu Vista ya 2007, hata admini mwenyewe hutembea na mamlaka madogo mpaka akubali kupandishwa.

Jumanne 9 Julai

Bosi aliniwekea WSL zamani, kwa hiyo nina Ubuntu ndani ya Windows. Humo ndani naweza kuwa root nikitaka, lakini nikigusa mlango wa nje narudi kuwa raia wa kawaida: hata kuunganisha diski halisi kwa wsl --mount kunadai admini.

Kijana anayejifunza kazi anaanza kila amri na sudo. Nikamwuliza kwa nini. “Fundi, bila hiyo inagoma.” Haigomi. Muongozo wa Buildroot unasema wazi kwamba hakuna haja ya kuwa root, na BitBake ya Yocto ukiiendesha kama root inakataa kabisa kazi. Sababu ni hii: kukompaili ni kusoma na kuandika kwenye folda yako tu. Skripti ikikosea njia, ikapeleka maktaba za ARM kwenye /lib ya kompyuta badala ya ile ya imeji, mtumiaji wa kawaida anapata “Permission denied” na maisha yanaendelea. Mwenye sudo anapoteza Ubuntu nzima.

(Kilichogoma kweli ni PATH. WSL inaingiza njia za Windows zenye nafasi katikati, na Buildroot haizitaki.)

Jumatano 10 Julai

Leo kijana amenibana vizuri. Mafaili ndani ya imeji lazima yawe ya root, na chown ya kumpa root faili haimkubali mtu wa kawaida. Sasa inakuwaje?

Jibu ni fakeroot. Inakaa kati ya programu na mfumo, chown inajibiwa “sawa”, na uongo ule unakumbukwa mpaka imeji ifungwe. Ni watoto wanaocheza duka kwa pesa za majani, ila hapa benki inazipokea: ndani ya ext4 namba ya mmiliki inaandikwa 0 kweli. Zamani tulimaunti faili kama diski, na hapo sudo haikukwepeka. Siku hizi mke2fs ina -d inayojaza ext4 kutoka kwenye folda, mtools inajaza FAT, na genimage inaunganisha vipande viwili kuwa faili moja. Faili lenyewe ni la kwangu.

Ijumaa 12 Julai

Bosi kaja. “Kamwene.” “Kamwene, bosi.” Kaandika paswedi, kadi zikaandikwa. Akauliza kama anipandishe niwe admini, asisumbuliwe tena. Nikamwambia aache: hesabu za duka ziko kwenye mashine hiyohiyo, na kadi hatuandiki kila siku.

Kipima cha kwanza kimewaka. Nikaandika root, kikaniingiza bila paswedi, maana Buildroot ndivyo inavyoanza usipoiambia vingine. Na programu ya kusoma joto nayo inakimbia kama root! Inahitaji waya wa I2C tu. Kabla ya gari la Matamba naiundia mtumiaji wake na kundi la kufungua kifaa hicho kimoja, root apate paswedi, kisha nimpigie bosi simu: kadi zinaandikwa upya.