Mama Alipoteremshwa Cozumel

Ndugu wengi wa Houston na Dallas wameniuliza jinsi ya kupanga safari ya meli ya watalii, hasa mtu anapokuwa na mzazi aliyekuja kutoka nyumbani. Swali la kwanza huwa bei, la pili chakula, la tatu kama meli inayumba. Ni maswali ya haki, na nitayajibu. Lakini mimi huanza na jingine: mgonjwa akizidiwa katikati ya bahari, atateremshwa wapi, ana karatasi gani mkononi, na nani atalipa? Mama yangu aliteremshwa. Naandika haya akiwa mzima, yuko kwake Mombasa, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Mama ni mzaliwa wa Mji wa Kale. Tangu utotoni alikuwa akiziona meli zikiingia bandari ya Kilindini, kwanza zile za abiria wa Bombay, baadaye meli nyeupe za watalii zenye madirisha yasiyohesabika, wala hakuwahi kupanda hata moja. Alipokuja kututembelea Texas, mume wangu akasema safari hii lazima apande. Galveston ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Houston, kwa hiyo hapakuwa na haja ya ndege. Meli nyingi zinazoondoka pale huelekea Mexico, katika kisiwa cha Cozumel au mji wa Progreso, na sababu yake ni sheria kongwe. Tangu 1886, Marekani hairuhusu meli ya bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari zake bila kugusa nchi nyingine, na meli karibu zote za watalii hupeperusha bendera ya Bahamas, Panama, Bermuda au Malta. Kwa hiyo hata safari fupi lazima ivuke mpaka. Raia wa Marekani halifikirii jambo hilo. Mwenye pasipoti ya Kenya lazima alifikirie kabla ya kulipa hata senti.

Mexico humruhusu mtu wa nchi yoyote aliye na viza halali ya Marekani aingie bila viza ya Mexico, na hilo lilimfaa Mama. Ugumu uko katika kurudi. Mwenye viza ya kuingia mara moja ameshaitumia siku aliyotua Houston. Akitoka nje ya nchi, hana uhakika wa kukubaliwa tena. Viza ya Mama ilikuwa ya kuingia mara nyingi na muda wake ulikuwa bado mrefu. Watoto wetu wamezaliwa Houston, na kwa safari inayoanzia na kuishia bandari ileile mtoto aliye raia huruhusiwa kusafiri na cheti cha kuzaliwa tu. Mume wangu, mtu wa kuwaza mbele, akasema cheti cha kuzaliwa hakimpandishi mtu ndege Mexico. Wote tukachukua pasipoti. Tukaandika pia barua mbili kwa wakili, kila mzazi akimruhusu mwenziwe kusafiri peke yake na watoto. Nakumbuka niliona barua zile kama kazi ya ziada.

Kuhusu bima nataka nieleze kwa kirefu, maana hapo ndipo ndugu zetu wanapoumia. Bima ya mgeni ambayo wengi huwanunulia wazazi wakija Marekani mara nyingi huishia nchi kavu ya Marekani. Bima ya kazini nayo haimhusu mgeni wako. Wazee wetu waliokaa Marekani na wanaotegemea Medicare, bima ya serikali, wajue kwamba hiyo hugharamia matibabu ya melini kwa masharti finyu sana: meli iwe bandarini Marekani au isiwe zaidi ya saa 6 kutoka bandari hiyo. Bima ya safari yenyewe mara nyingi hukataa maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla, yaani sukari, presha, moyo, yaleyale waliyo nayo wazazi wetu. Kuna bima zinazolegeza sharti hilo ukinunua mapema, kwa kawaida ndani ya siku 14 hadi 21 tangu ulipe amana ya kwanza ya safari. Siku zikipita, mlango umefungwa. Mama ana sukari ya miaka mingi na anajidunga insulini. Nilipiga simu nyingi mpaka nikapata bima inayokubali mtu asiye mkazi wa Marekani, inayotaja kisukari chake kwa maandishi, na inayolipa hospitali ya ugenini pamoja na kumsafirisha mgonjwa kwa ndege. Ile namba yao ya dharura niliiandika kwenye karatasi nikaitia ndani ya pasipoti yake. Simu huzima, na katikati ya bahari mara nyingi mtandao wa kawaida haupo.

Chumba tulichagua cha katikati ya meli, sitaha ya chini, mahali ambapo kuyumba hupungua. Vyumba vya juu vyenye roshani hupendeza kwenye picha, na ndivyo vinavyoyumba zaidi. Tulisafiri Desemba, likizo ya shule. Msimu wa vimbunga katika Ghuba ya Mexico ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, kwa hiyo tulikuwa tumeupisha. Lakini Desemba ya kule si Desemba ya kwetu. Mombasa huo ni wakati wa kaskazi, bahari imetulia, wavuvi wanakwenda mbali. Ghuba ya Mexico majira hayo hupigwa na upepo baridi unaoshuka kutoka bara la Marekani, na bahari huchafuka ndani ya saa chache.

Ilichafuka usiku wa kwanza. Vikombe vilitembea mezani. Watoto walicheka, kisha wakalala. Mama akaanza kutapika. Alikuwa amekunywa dawa ya kichefuchefu tuliyopewa na daktari wake, lakini dawa hiyo hufaa zaidi inaponywewa kabla bahari haijamlevya mtu, nayo ilimkuta tumbo limeshakataa. Asubuhi hakula. Nilipomletea sindano akasema, "Mwanangu, nijidunge kwa chakula gani? Tumbo ni tupu." Akaiweka. Kwa mtu mzima anayejua mwili wake maneno hayo yalionekana ya busara. Kumbe mwili unapougua na kukauka maji, sukari hupanda hata kama mtu hakutia kitu kinywani. Mwenye mzazi wa insulini aombe maelekezo ya siku ya ugonjwa kwa daktari kabla ya safari, yaandikwe: akitapika afanye nini, sindano iwe kiasi gani, na sukari ikifika wapi aitwe daktari.

Mchana kipimo kikaacha kuonyesha namba, kikaandika tu kwamba imezidi. Alikuwa akipumua kwa haraka na pumzi yake ina harufu kama ya tunda lililoiva mno. Nikabonyeza simu ya chumbani, na wauguzi wakaja na kiti cha magurudumu kabla sijamaliza kumvalisha buibui.

Zahanati ya meli ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Ina daktari wa zamu, vipimo vya damu, picha ya eksirei na mashine ya oksijeni. Wakamtundikia maji na insulini. Lakini si hospitali, na daktari alinieleza bila kunificha: damu imeanza kuwa na asidi, anahitaji uangalizi wa siku kadhaa na maabara kubwa, na yeye atamteremsha Cozumel asubuhi. Niliuliza helikopta. Akasema tuko mbali mno na pwani, na kumning'iniza mgonjwa wa hali ile kwenye upepo ule ni hatari kuliko kusubiri. Tukasubiri. Usiku ule nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimsomea, naye akinishika kidole kimoja tu kwa sababu mkono mwingine ulikuwa na sindano. Kuna wakati alifumbua macho akaniambia, "Hii bahari si yetu." Nikamwambia alfajiri tutaona nchi kavu, inshallah.

Kulipokucha, bili ya zahanati ilikuwa imeshaingia kwenye akaunti ya chumba chetu, na ilikuwa kubwa kuliko nauli yetu sote. Meli humtaka abiria alipe kabla ya kuteremka, kisha adai kwa bima yake. Kwa hiyo uwe na kadi ya benki yenye nafasi, usiijaze yote kwa nauli na matembezi. Omba karatasi zote: bili iliyochambuliwa, ripoti ya daktari, majibu ya vipimo, na barua inayosema kwamba ni daktari wa meli aliyeagiza mgonjwa ateremshwe. Bima ilizitaka zote, moja moja.

Tulilazimika kugawana. Mimi na Mama tuteremke, mume wangu aendelee na watoto mpaka Galveston. Mwanangu mdogo alilia akaniuliza kama bibi anakufa. Sikuwa na jibu la uhakika. Nilimwambia bibi anakwenda kwa madaktari, na hilo lilikuwa kweli. Mume wangu alitusindikiza hadi hospitali na mkoba wa Mama, akarudi mbio, maana saa ya Cozumel wakati wa baridi iko mbele ya Texas kwa saa moja, meli yetu ilibaki kwenye saa ya Texas, na meli haimngoji mtu. Mnapoteremka bandarini, fuateni saa ya meli, si ya simu.

Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuwa mapokezi ya hospitali. Hospitali ile ya binafsi ilitaka amana kubwa au barua ya dhamana kutoka bima kabla ya kumpandisha wodini. Mama yuko kwenye kitanda cha magurudumu, dripu ya meli inakaribia kwisha, na mimi Kihispania sijui. Nikapiga ile namba iliyokuwa ndani ya pasipoti. Wakaniweka nisubiri. Wakauliza tarehe ya kuzaliwa, namba ya bima, jina la dawa zote. Karatasi ya dawa nilikuwa nayo, majina ya kitaalamu na vipimo, kwa hiyo sikubabaika. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alipoona natetemeka akaniletea maji, akabadilisha dripu ya Mama palepale kwenye ukumbi bila kungoja barua ya mtu. Sijui jina lake. Namwombea mpaka leo. Baadaye dhamana ikaingia, na Mama akapandishwa juu.

Alilazwa siku kadhaa. Asidi ikashuka, sukari ikatulia, akaanza kulalamika kuhusu chakula, nikajua amepona. Kisiwa kina uwanja wa ndege wenye safari za moja kwa moja hadi Houston, lakini shirika la ndege lilitaka barua ya daktari kwamba anaweza kuruka, na bima ililipa viti viwili na mtu wa kumsukuma. Pale uhamiaji Houston ofisa alipekua pasipoti yake, akasoma barua za hospitali, akamwangalia, akagonga muhuri. Mume wangu naye alikuwa ameulizwa Galveston mama wa watoto yuko wapi. Alitoa ile barua ya wakili, akapita.

Sasa nijibu yale mengine yanayoulizwa. Bei inayotangazwa si bei ya mwisho: ongeza kodi za bandari, na bakshishi ya wahudumu, ambayo mara nyingi ni dola 15 hadi 20 hivi kwa kila mtu kwa siku, hata mtoto. Chakula cha halali uliza unapolipa amana, usingoje kufika mezani. Wakijua mapema, kampuni nyingine huandaa, na wasipoandaa kuna samaki na mboga. Simu itieni kwenye hali ya ndegeni mara mnapoondoka gatini, la sivyo mtandao wa meli utawakamua. Mikono osheni kwa sabuni na maji, kwa sababu kirusi cha kuharisha kinachosambaa melini hakifi vizuri kwa dawa ya kupaka. Mwenye mimba ya wiki 24 au zaidi hukataliwa na kampuni nyingi, na mtoto wa chini ya miezi 6 vilevile. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwani masanduku makubwa huchukuliwa gatini na huenda yasifike chumbani mpaka jioni.

Watu huniambia Mama hakupaswa kupelekwa baharini kwa umri wake na sukari yake. Sikubaliani nao. Alikaa kwenye sitaha jioni ya kuondoka Galveston, upepo haujaja, pomboo wakiruka mkondoni, akasema hatimaye yuko upande wa pili wa yale madirisha aliyoyaona akiwa mtoto. Wazee wetu wana haki ya furaha zao. Haki hiyo inadai tufanye kazi ya karatasi kwa niaba yao.

Basi ndugu msomaji, kama unampandisha mzazi meli mwaka huu, nakuomba: fungua pasipoti yake leo uone viza ni ya kuingia mara ngapi na inakwisha lini, kisha piga simu kwa bima umtajie ugonjwa wake kwa jina. Wakikubali, wakuandikie. Wasipokuandikia, usilipe amana bado.