Kabla ya Mbegu Kuingia Ardhini

Zamani huku Usukumani, kusafisha shamba la pamba hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Mvua za Novemba zikianza, magugu huota kabla ya kila kitu, nasi tuliyawahi. Mwenye ng'ombe alifunga plau. Asiye nao aliita kikundi cha bugobogobo, majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo wa ngoma mpaka shamba likageuzwa lote. Nyuma yao tulifuata watoto na akina mama, tukiokota mizizi ya gugu la sangari, ile myeupe inayotambaa chini kama kamba. Kipande cha urefu wa kidole kikibaki kwenye udongo wenye unyevu, huchipua tena. Kwa hiyo tuliianika juu ya mwamba mpaka ikavunjika mkononi. Ndago tuliifukua na vifundo vyake. Mama alijua kila gugu linamalizwaje.

Shamba lilitakata, ila udongo uliogeuzwa kila mwaka ulibebwa na mvua. Inaniuma kwamba kilimo hifadhi kilitufikia udongo wa juu ukiwa umeshakwenda, maana kinachofundishwa ni sahihi: pasua mstari wa kupandia tu, kwingine usiguse, ardhi ifunikwe.

Lakini gugu lisiloguswa na jembe lazima life kwa njia nyingine. Siku hizi kijana hubeba bomba la kupulizia la lita 16 mgongoni, akachota maji ya lambo yaliyojaa tope. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, hushikwa na tope hilo. Ikishashikwa, haiui kitu. Au hupuliza mapema mno, magugu yakiwa yamesinyaa kwa ukame na kufunikwa vumbi, ilhali dawa hiyo hupitia jani bichi linalokua ndipo ishuke mizizini. Pamba inapandwa, na sangari inachomoza pembeni ya mche.

Na kifuniko cha ardhi kitoke wapi? Masalia ya pamba hutakiwa kung'olewa na kuchomwa ifikapo Septemba 15, wadudu wasipate pa kujificha, na hilo ni jema. Yanabaki mabua ya mahindi na mtama, nayo ng'ombe huyamaliza kabla ya mvua. Ardhi inakaa uchi, magugu yanaota yatakavyo.

Palizi inayofuata humwangukia mama na binti yake, bila ngoma wala jirani. Na huyo binti, aghalabu, hakuna aliyewahi kumwonyesha mzizi wa sangari unavyofuatwa mpaka mwisho wake.