Pikapu ya Gitaa Katika Mji wa Shaba

Neno "pikapu" likitajwa, wengi wetu huona gari lililo wazi nyuma, limebeba magunia ya makaa au ya unga wa mahindi. Katika insha hii pikapu ni kitu kingine. Ni kile kijisanduku kilichopachikwa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, ambacho kazi yake ni kupokea mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme unaokwenda kwenye amplifaya. "Kinasa sauti" lingefaa, lakini jina hilo limekwisha kupewa vifaa vingine. Basi nitasema pikapu kama wasemavyo wapigaji, na ninamwomba msomaji aliache gari barabarani.

Mimi ninasoma Kiswahili hapa Lubumbashi. Katika kikundi chetu tuko wanne: mpiga ngoma, mpiga besi, mwimbaji, na mimi mpiga gitaa. Muziki wetu ni mzito, wa aina inayoitwa hevi metali, na maneno yake tunayatunga kwa Kiswahili. Hilo la mwisho ndilo lililofanya uchaguzi wa pikapu uwe jambo kubwa kwetu. Mwaka jana tulipopiga mbele ya wanafunzi wenzetu, watu waliruka na kupiga makofi, kisha mmoja akaniuliza kwa upole, "Ndugu, mlikuwa mnaimba kwa lugha gani?" Mwimbaji wetu alikuwa ametamka kila silabi sawasawa. Gitaa ndilo lililomfunika.

Gitaa lenyewe ni la mjomba wangu. Amelipiga kanisani miaka mingi, pamoja na rumba katika harusi. Lina pikapu tatu nyembamba za koili moja, zilizopangwa kutoka upande wa shingo hadi karibu na daraja. Kwa kazi ya mjomba zinafaa kabisa: kila noti inatoka safi, inang'aa. Siku aliponikabidhi alitoa sharti moja. "Mwipwa, utumie utakavyo, lakini patasi isiguse ubao wake. Siku nikilitaka, nilikute na mwili wake." Nilikubali. Kununua gitaa jingine hakukuwezekana, kwa kuwa kikundi kizima kilikuwa na dola 90, na sehemu ya pesa hizo ilikuwa nauli yangu ya muhula. Tungebadilisha pikapu moja tu, ile ya karibu na daraja, na tukichagua vibaya hakuna ya pili.

Ili kuchagua vizuri inabidi kujua kifaa hiki kinafanyaje kazi. Ndani ya pikapu mna sumaku, na kuizunguka sumaku mna waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili hubadilika, na mabadiliko hayo huzaa umeme mdogo. Ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, ileile inayofanya kazi katika mitambo ya umeme ya mabwawa yetu. Kasoro yake ni kwamba koili haichagui. Inapokea mtikisiko wa uzi, na inapokea pia mvumo wa nyaya za nyumba, ambamo umeme hugeuka huku na huku mara 50 kwa sekunde. Mpiga rumba hasumbuki sana na mvumo huo. Sisi tunatumia mkwaruzo: umeme wa gitaa hukuzwa mno hadi mawimbi yake yanakatwa vichwa, na mvumo nao hukuzwa pamoja nao. Katika nyumba tunamofanyia mazoezi, ambayo nyaya zake hazikuunganishwa na ardhi, gitaa lilinguruma hata kabla sijaligusa.

Dawa ya mvumo ilipatikana zamani. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, aliunganisha koili mbili zilizopangwa kwa kupingana, sumaku kwa sumaku na waya kwa waya. Mvumo unaoingia katika koili hizo hukutana ukiwa umepishana, ukajifuta. Sauti ya nyuzi hukutana ikiwa inakwenda upande mmoja, ikajumlishwa. Ndiyo sababu wapigaji wengi wa muziki mzito hutumia pikapu za koili mbili. Wapo pia wanaotumia pikapu zenye kikuza sauti kidogo ndani yake, kama EMG 81 aliyoipiga kwa miaka mingi James Hetfield wa Metallica. Hizo zina utulivu mkubwa, lakini zinataka betri ya volti 9.

Shida yetu ilikuwa upana. Pikapu ya kawaida ya koili mbili, pamoja na hiyo ya betri, haiingii katika tundu la koili moja bila kuchonga ubao. Sharti la mjomba lilifunga mlango huo. Likabaki kundi moja: pikapu za koili mbili zilizobanwa katika umbo la koili moja, ambazo badala ya vichwa sita vya chuma chini ya nyuzi zina vipande viwili vyembamba, kama reli za treni. Mnunuzi akijua mapema ukubwa wa tundu la gitaa lake, nusu ya maswali huondoka.

Nusu ya pili ilituletea ugomvi. Mpiga besi wetu aliona orodha za pikapu zina namba zinazoishia na "kilo-omu", akasema, "Tuchukue yenye namba kubwa kuliko zote. Mzito ni mzito." Pikapu za mtindo wa kwanza wa Gibson zina kama kilo-omu 8, na zile zinazouzwa kwa ajili ya muziki mzito hufika 13 hadi 17. Lakini namba hiyo inapima ukinzani wa waya, haipimi nguvu ya sauti. Waya ukiwa mwembamba zaidi, namba hupanda hata kama mizunguko haikuongezeka. Kuichagua pikapu kwa namba hiyo peke yake ni kama kupima utamu wa bukari kwa uzito wa sufuria.

Kuna zaidi. Kadiri mizunguko ya waya inavyoongezeka, ndivyo sauti za juu zinavyofifia na za chini zinavyojaa. Sisi tumeshusha nyuzi zetu toni mbili, uzi mnene kabisa unapiga do badala ya mi. Ukiongeza pikapu iliyojaa sauti za chini, kisha mkwaruzo, unapata uji. Noti hazitengani, besi na gitaa vinagombania mahali pamoja, na mwimbaji anazama katikati yao. Nilimwambia mwenzangu kwamba uzito wa muziki hutokana na pigo linaloanza na kukoma pale linapotakiwa. Hakukubali siku hiyo.

Ikafuata sumaku, na hapa moyo wangu ulitaka kunishinda. Sumaku za pikapu ni hasa za aina mbili. Moja huitwa alniko, jina lililounganishwa kutoka alumini, nikeli na kobalti. Katika alniko namba 5, inayotumika sana katika magitaa, karibu robo ya uzito ni kobalti. Ya pili ni seramiki, ambayo kiungo chake kikuu ni oksidi ya chuma. Mwana wa Lubumbashi hawezi kusoma habari hizo kama mgeni. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani leo hutoka katika nchi yetu, kwenye udongo huuhuu wa kusini. Mwaka 1978 vita vilipoingia Kolwezi, katika mkoa ambao wakati huo jina lake lilikuwa Shaba, bei ya kobalti ilipanda mno duniani, na viwanda vingi vya spika vikaacha alniko vikahamia seramiki. Nilitamani sana gitaa letu libebe kobalti. Niliona ni haki yake.

Rafiki yetu anayefanya kazi katika studio ndogo ya kurekodi alituruhusu kujaribu magitaa mawili, moja lenye alniko na jingine lenye seramiki, yote ya koili mbili. Tulibeba amplifaya yetu wenyewe, tukashusha nyuzi kama tunavyozishusha sisi, tukapiga kipande kimoja mara nyingi huku mwimbaji akiimba. Alniko ilikuwa tamu. Noti moja iliyoachwa ilie ilikuwa na joto, karibu na sauti ya mtu. Lakini tulipopiga kwa kasi kwenye nyuzi nene, ililegea. Seramiki ilikuwa kavu, karibu kali, na kila pigo lilisimama peke yake. Katika nafasi zilizobaki kati ya mapigo, maneno ya mwimbaji yalipita. Mpiga besi alikuwa amekaa mlangoni. Akasema, "Sasa nasikia anachosema." Ugomvi wa namba ukaisha hapo, na hamu yangu ya kobalti pia. Sumaku za magitaa yale mawili hazikuwa tofauti pekee kati yao, hilo nalijua. Hata hivyo masikio yetu yalikuwa na sababu ya kutosha. Kwa muziki wa polepole zaidi, au kwa mtu anayetaka gitaa liimbe, ningemshauri achukue alniko bila wasiwasi.

Wapo wanaosema kuwa muziki huu si wetu, tuwaachie wenyewe. Ninaheshimu neno lao, lakini historia inakataa. Tony Iommi wa Black Sabbath, ambaye wengi humtaja kuwa baba wa gitaa la hevi metali, alikuwa kijana wa kiwanda cha vyuma huko Birmingham, Uingereza. Mashine ilimkata ncha za vidole viwili. Baadaye akalegeza nyuzi, jambo lililompunguzia maumivu na kuizidishia sauti uzito. Mtu aliyekua akiitazama dohani ya kiwanda cha Lubumbashi na mlima mweusi wa mabaki ya madini kando yake ataelewa upesi sauti hiyo ilizaliwa wapi. Na hatuhitaji kwenda Ulaya. Ng'ambo ya mpaka, Kitwe nchini Zambia, katika ukanda uleule wa shaba, kikundi cha WITCH kilikuwa kikipiga roki yenye magitaa ya mkwaruzo tangu miaka ya 1970. Na hapa kwetu Jean-Bosco Mwenda aliimba kwa Kiswahili na gitaa lake kavu, akarekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Likasi, uliokuwa ukiitwa Jadotville. Tulichofanya sisi ni kuongeza umeme.

Pikapu ilitugharimu dola 70, nayo ililetwa na jamaa aliyekuwa akitoka Johannesburg. Fundi redio wa mtaani aliifunga kwa saa moja. Tulimwomba pia abadilishe kitufe cha sauti, kutoka kilo-omu 250 hadi 500, kwa maana kile cha kwanza hupunguza sauti za juu mno kwa pikapu ya koili mbili. Kisha tukarekebisha kimo chake, tukaacha milimita tatu hivi chini ya nyuzi. Ikisogezwa karibu kupita kiasi, sumaku huzivuta nyuzi na mtikisiko wake huvurugika. Hakuna ubao uliokatwa. Pikapu ya zamani niliifunga kwa kitambaa nikampelekea mjomba, naye akaiweka kabatini bila kusema neno, isipokuwa kwamba aliligeuza gitaa mara mbili akilichunguza pande zote.

Tulipopiga tena mbele ya wenzetu, mvumo ulikuwa umebaki kidogo tu. Baada ya wimbo wa pili mhadhiri wetu mmoja alinifuata, akaniambia kuwa katika beti la tatu tumetumia ngeli vibaya. Wenzangu walicheka, lakini mimi nilifurahi kuliko makofi yote. Hawezi kusahihisha ngeli asiyeisikia.

Kwa mwanafunzi mwenzangu anayetaka kubadilisha pikapu kwa ajili ya muziki mzito, ninayo maneno machache. Pima tundu la gitaa lako kabla hujaangalia bei. Jua umeme wa nyumba yako ukoje. Namba za kilo-omu zisome, ila usiziabudu. Sikiliza sumaku zote mbili kwa amplifaya yako, kwa nyuzi ulizozishusha wewe, na mwimbaji akiwa anaimba kando yako. Ile itakayomwachia nafasi ya kusikika ndiyo uilipie.