Pikipiki ya Jumapili na kichwa cha mtoto

Kisesa kuna pikipiki za kazi na pikipiki za moyo. Za kazi ziko kijiweni tangu alfajiri, zikisubiri abiria wa Bujora, Kanyama na Isangijo. Za moyo hutoka Jumapili baada ya ibada, zimeoshwa hadi kwenye spoku, tangi linang'aa. Mara nyingi ni pikipiki ileile: siku sita inalisha nyumba, ya saba inamfurahisha mwenyewe.

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, matembezi hayo yana pa kwenda. Kina baba na vijana hushika barabara ya Kisesa hadi Usagara, wakaelekea Kigongo, wakavuka kilomita tatu juu ya ziwa mpaka Busisi, pale ambapo zamani mtu alikaa akingoja kivuko. Mwezi Agosti wengine huenda mbali zaidi, kupitia Magu na Lamadi hadi Nyakabindi, Bariadi, kwenye maonesho ya Nane Nane. Wakifika, si kwenye mabanda ya mbegu wanakokawia.

Baba mmoja wa hapo Kisesa, fundi seremala, amemwambukiza mwanawe wa darasa la nne ugonjwa huo. Mtoto anajua pikipiki kwa mlio kabla haijakunja kona. Siku yake ya kuzaliwa alinunuliwa kwa machinga saa ya mkononi yenye uso kama wa spidomita, mshale mwekundu na namba hadi 180. Analala nayo.

Ugomvi ulianza pale baba alipotaka kumpeleka Busisi, na mdogo wake wa miaka minne akae mbele, kwenye tangi. Mama alisimama mlangoni.

"Baba watoto, wewe una kofia ngumu. Hawa wana nini?"

"Mama nanihii, naendesha taratibu."

Taratibu ni neno la kinyumba sana. Wazazi wengi wanaopenda pikipiki hulisema kwa nia njema, lakini lami haipimi nia. Mtoto wa kwenye tangi, pikipiki ikigonga kitu, hubanwa kati ya usukani na kifua cha baba yake mwenyewe. Kwa bodaboda, kanuni zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa, na sababu yake haibadiliki kwa kuwa dereva ni mzazi. Miguu ya mtoto mdogo haifiki mahali pa kukanyagia, na mikono haizunguki kiuno cha mtu mzima.

Kuhusu kofia, utafiti wa nchi nyingi unaonyesha kuwa inapunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Lakini iwe saizi yake. Ikae vidole viwili tu juu ya nyusi, mkanda ufungwe chini ya kidevu, mtoto akitikisa kichwa isicheze. Iliyowahi kugonga chini kwa nguvu isivaliwe tena hata kama nje inameta, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halina kazi.

Mama aliongeza la suruali ndefu, na alikuwa sahihi. Bomba la moshi huunguza ndama za abiria wakati wa kushuka. Kovu lile wengi mnalo. Likimpata mtoto, mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno iacheni bafuni.

Jumapili ile hakuna aliyekwenda Busisi. Mdogo alinuna, akapewa muwa, akasahau. Jumamosi iliyofuata baba na mkubwa walipanda daladala kwenda Mwanza kutafuta kofia ya mtoto, kazi ambayo si rahisi kama inavyosikika. Duka la kwanza walipewa ya mtu mzima na ushauri wa kujaza kitambaa ndani. Baba akakataa. La pili na la tatu hawakuwa nazo kabisa. La nne lilikuwa na moja tu, nyekundu, ilhali mtoto alitaka nyeusi ifanane na saa yake.

Waliichukua nyekundu. Aliivaa ndani ya daladala mpaka Kisesa.